Mgeni Nambari Tisa

Wewe ulimwona. Usianze kupapasa mfuko ukitafuta simu, ulimwona. Umepita chini ya lile bango ukitoka Kisii kuelekea Isebania, pale kabla hujafika daraja la Migori, mara nyingi kuliko ulivyopita mlangoni kwa mama yako. Msichana wa hijabu ya samawati anacheka, meno yote nje, na juu ya kichwa chake maandishi makubwa kama ya tangazo la sabuni: DUNIA IMEFIKA MIGORI. Chini yake: Chuo Kikuu cha Bonde la Kuja, Nyumbani kwa Mataifa. Ulimtazama, ukasema moyoni, "Kumbe siku hizi wanatoka hadi Somalia kuja kusoma huku," ukaendelea kutafuna mahindi yako. Na nyinyi mliokata vitambaa vya sare kwa baba yake miaka ishirini na sita, mkakalia benchi lake kungoja mvua iishe, nyinyi mlimjua kabisa. Mkanyamaza.

Basi leo mtasikia, mpende msipende.

Msichana wa bango anaitwa Fardowsa Noordin. Alizaliwa Migori mjini, akalelewa nyuma ya duka la vitambaa na magodoro, upande wa Oruba. Alijua kutukana kwa Kidholuo kabla hajajua kusalimia kwa Kisomali, jambo lililomfanya mama yake ampake pilipili midomoni mara mbili na mara zote mbili akatukana tena kwa sababu ya pilipili. Chuoni alisomea ualimu, Kiswahili na Historia, na sasa alikuwa mwaka wa nne. Alibakiza kitu kimoja tu: kwenda kufundisha shuleni muhula mzima, asimamiwe, apimwe, apewe alama. Bila hayo hakuna digrii. Na nafasi za kwenda kufundisha hutolewa mara moja kwa mwaka. Ukiikosa, unakaa nyumbani mwaka mzima ukipima vitambaa.

Jumatatu orodha ikabandikwa ubaoni. Fardowsa alikuwa amepangiwa shule ya wasichana huko Rangwe, Homa Bay, si mbali na Asumbi. Alitaka kuruka. Kisha akaona maneno mekundu kando ya jina lake: ASIMAMISHWE. MWANAFUNZI WA KIGENI. ALETE KIBALI CHA UHAMIAJI.

Akacheka. Akajua ni utani wa vijana wa kompyuta. Akaenda hadi Ofisi ya Wanafunzi wa Kimataifa akiwa bado anacheka.

Ofisi hiyo ilikuwa stoo ya viti. Mwaka juzi viti vilitolewa vikarundikwa nje, ukuta ukapakwa rangi ya machungwa, akaingizwa Daktari Cephas. Daktari Cephas aliwahi kukaa Ulaya miezi tisa, na hakuitaja Ulaya bila kufumba macho kwanza, kama mtu anayeomba kabla ya kula. Ukutani aliweka ramani ya dunia na maneno, "Tofauti Zetu ni Utajiri Wetu." Kazi yake ilikuwa kuwalea wanafunzi waliotoka nchi nyingine. Wageni wa kweli walihitaji barua za uhamiaji, chumba kisichovuja, na mtu wa kuwapeleka hospitali malaria ya wiki ya kwanza ikiwaangusha. Daktari Cephas aliwapa fulana. Pia aliwapa Semina ya Kuzoea Maisha ya Migori, ambamo mtu mzima wa miaka ishirini na mbili alifundishwa kumega ugali. Kijana mmoja wa Sudan Kusini, Mwacholi, alikaa mbele siku nzima akifundishwa salamu za Kidholuo, lugha iliyo jirani kabisa na yake, na mwalimu mwenyewe alikuwa akikosea.

"Daktari, kuna makosa," Fardowsa alisema. "Nimeandikwa mgeni."

"Si makosa. Wewe ni nambari tisa." Akamwonyesha karatasi. "Kamati ya hadhi ya kimataifa inakuja Ijumaa. Chuo kikitaka cheti, lazima kiwe na wageni kumi. Tuko kumi."

"Lakini mimi ni Mkenya. Kitambulisho hiki hapa."

Daktari Cephas alikitazama kitambulisho bila kukigusa, kama mtu aliyeonyeshwa mtoto mwenye kamasi. "Kitambulisho kinaonyesha uraia. Sisi hapa tunaangalia asili."

"Asili yangu ni hospitali ya hapo mjini."

"Fardowsa. Jina tu linajieleza."

Ndivyo orodha ilivyopatikana. Mwaka wa kwanza wake, Daktari Cephas alikuwa na wageni saba tu wa kweli. Hakwenda kwenye faili za pasipoti, kwa sababu faili ziko ghorofa ya pili na ngazi ni ndefu. Alifungua daftari la majina, akapitisha kidole chini taratibu kama mtu anayechagua nyanya, na kila jina lililosikika kwake kama la mbali akalichukua. Mohammad wa Isiolo akawa mgeni. Mulki wa Wajir akawa mgeni. Fardowsa wa Oruba akawa mgeni, tena akapigwa picha kantini akicheka na chapati mkononi. Chapati ikakatwa, akabaki na kicheko. Yeye aliambiwa ni picha ya jarida la chuo.

"Sawa," Fardowsa alisema, kicheko kimekwisha sasa. "Na hicho kibali ninakipata wapi?"

"Isebania, ofisi ya mpakani. Wanafunzi wote wa kigeni wanaleta. Sheria ni sheria."

Jumanne akaenda Isebania. Afisa aliyemhudumia, Bwana Mokua, alikuwa mtu wa makini. Alisoma barua ya chuo, akasoma kitambulisho, akarudia barua.

"Dada, unataka nikupe ruhusa ya kukaa Kenya?"

"Ndiyo."

"Na wewe ni Mkenya."

"Ndiyo."

"Nikikupa hiyo ruhusa nitafungwa mimi, kisha utafungwa wewe." Akamrudishia karatasi zote mbili kwa upole. "Waambie walioandika hii wapumzike kidogo. Wanywe maji."

Mlangoni akakutana na Gisiri Marwa, wa darasa lao la Historia, amekaa kwenye ukuta mfupi, kichwa kati ya magoti. Gisiri ni Mkuria wa Sirari, upande wa Tanzania. Shamba la babu yake limepasuliwa na mpaka: mihogo iko Tanzania, choo kiko Kenya. Pasipoti yake ni ya Tanzania, shule zote alisoma Tanzania, na alipofika chuoni mara ya kwanza hakujua kwamba "ngori" ni balaa wala kwa nini kila mtu anamwita bro.

"Na wewe umefuata nini?" Fardowsa akamuuliza.

"Kibali changu kinaisha usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Wanataka barua ya chuo inayosema mimi ni mwanafunzi wa kigeni. Nimekwenda kwa Daktari mara nne. Anasema simo kwenye orodha ya wageni."

"Eti?"

"Anasema Gisiri ni jina la hapa. Kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Hata alinikumbatia." Gisiri akasugua uso. "Mitihani yangu ni wiki ijayo, Fardowsa. Bila kibali jina langu linatolewa. Nitamwambia nini mama? Kwamba nimerudishwa kwa kupendwa sana?"

Fardowsa akaketi kando yake. Wakatazama watu wakivuka mpaka na mitumba, ndizi, mbuzi mmoja mkaidi. Mkenya anayekataliwa kwa kuwa mgeni, na mgeni anayekataliwa kwa kuwa wa nyumbani, na kila mmoja alihitaji barua ambayo mwenzake alikuwa anaikimbia.

"Jibu si liko hapa?" Fardowsa akasema. "Anifute mimi, akuandike wewe. Kumi zinabaki kumi."

"Ukimwambia wewe atasikia," Gisiri akajibu. "Wewe ndiye uko kwa bango."

Jioni hiyo akamweleza baba yake dukani. Noordin alikuwa akikunja kitambaa cha kijani cha sare. Aliinuka, akafungua kopo kuukuu la maziwa ya unga lililokaa nyuma ya mashine ya kushona, akatoa kadi yenye rangi ya waridi, iliyochakaa pembeni.

"Mwaka wa themanini na tisa," akasema. "Nilikuwa kijana kama wewe. Serikali ilisema kila Msomali ajipange, athibitishe kama ni Mkenya. Niliulizwa babu wa babu yangu alizikwa wapi. Nikataja. Nikapewa hii. Nilipanga foleni siku mbili kuthibitisha kwamba mimi si mgeni." Akaigeuza kadi. "Sasa binti yangu anapanga foleni apewe karatasi ya kuwa mgeni."

"Aabo, nifanye nini?"

Noordin aliirudisha kadi koponi, akafunika. "Sisi tumetabasamu, duka likasimama. Wakisema tabasamu, tabasamu. Uende ukafundishe."

Fardowsa alipenda baba yake kuliko mtu yeyote duniani, na usiku ule alimkasirikia hadi akashindwa kula.

Jumatano akafika Rangwe. Naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Makori, alimpokea ofisini palipojaa vitabu vya mazoezi vinavyongoja kusahihishwa hadi dirishani. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amehamishwa tangu mwezi uliopita. Kidato cha pili walikuwa wanajifundisha wenyewe, na kwa mujibu wa Makori walikuwa wamefikia mahali pa kuandika barua za mapenzi kwa mpangilio mzuri sana.

"Tunakungoja kwa hamu, mwalimu," akasema. Alimwita mwalimu bila kusita. "Barua ya chuo ya kukuleta kwetu iko wapi?"

"Inakuja."

"Sikiliza, mwanangu. Jumatatu kengele ya saa mbili, ukiwa hapa na barua, darasa ni lako. Ukikosa, kuna mwanafunzi wa chuo kingine ameomba, na siwezi kuwaacha wasichana hawa bila mtu. Unanielewa?"

Alimwelewa. Kabla hajaondoka alipitia dirisha la kidato cha pili. Msichana wa dawati la mbele akamwona, akaketi wima, akafungua daftari ukurasa mpya, akangoja. Fardowsa akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

Alhamisi asubuhi akarudi kwa Daktari Cephas na jibu lake la Isebania: amfute yeye, amwandike Gisiri.

Daktari Cephas akanyunyiza manukato ya chumba kwanza. Kisha akafunga mlango.

"Nisaidie nikusaidie. Kesho ni Siku ya Mataifa. Kamati itakaa pale uwanjani. Wewe ushike bendera, utabasamu, useme sentensi mbili. Saa tisa kamati ikiondoka, pitia hapa, barua yako ya Rangwe itakuwa imegongwa muhuri. Jumatatu unafundisha. Nani ameumia?"

"Bendera ya wapi?"

"Ya kwenu."

"Kwetu ni nyuma ya steji ya zamani, Daktari. Hatuna bendera, tuna bati."

"Usinifanyie hivyo."

"Na Gisiri?"

"Gisiri ni mtu wa hapa."

"Ni Mtanzania!"

"Kwa karatasi tu." Daktari Cephas akashusha sauti kama anayefundisha siri ya kazi. "Fardowsa, mkaguzi akitazama ile meza anataka aone dunia. Nikimweka Gisiri pale ataona nini? Gisiri anafanana na kijana anayeniletea gesi kwa boda. Wewe mtu akikuona barabarani anajua moja kwa moja kwamba chuo hiki kimefika mbali."

Fardowsa alitamani kumwambia mahali chuo kilipofika. Lakini macho yake yalikuwa kwenye muhuri, mdogo, mpini wa mbao, umekaa juu ya kijisahani cha wino ndani ya droo ya juu iliyoachwa wazi, mkono wa kulia. Kesho saa tisa. Akaona daftari la yule msichana lililofunguliwa ukurasa mpya.

"Sentensi mbili," akasema.

"Mbili tu! Ero kamano," Daktari akasema, kisha akamtafsiria: "Hiyo ni asante kwa lugha ya hapa."

Ijumaa uwanja ukapambwa kama harusi ya mtu mwenye wasiwasi. Hema mbili. Spika zilizokoroma. Meza ndefu ya Mataifa, na kila mgeni amewekewa bendera ndogo ya karatasi. Wanafunzi wengine walijaa pembeni kwa sababu kulikuwa na soda. Mama Helen, mpishi mkuu wa kantini, alisimama kando ya sufuria zake na upawa mkononi. Huyu ndiye aliyekuwa jirani wa akina Noordin tangu alipokuwa akiuza chapati barazani kwao, na Fardowsa alijifunza kutembea kwa kushika gauni lake.

"Nyathina, mwanangu, mbona umekalia meza ya wageni?" akamwita kwa sauti ya soko. "Umehama lini?"

"Nyamaza kidogo, Mama Helen. Tafadhali."

"Sawa, nimenyamaza. Lakini umeshika bendera ya nani?"

Fardowsa akaitazama. Mkononi alikuwa na bendera ya samawati yenye nyota moja, ya nchi ambayo hajawahi kukanyaga.

Ndipo akamwona Gisiri. Alikuwa anavuka uwanja na viti vya plastiki vinane kichwani, vimepangana, shingo imemkakamaa, shati limemgandama. Wanafunzi wa kawaida walikuwa wameombwa kusaidia kuwapangia wageni viti. Alimpitia mbele, akatua kiti kimoja kando yake, akasema polepole, "Karibu Kenya, dada," na wote wawili wakacheka kile kicheko kinachouma mbavu.

Wanakamati walikuwa watatu, na mwenyekiti wao alikuwa mama wa miwani mwenye kalamu iliyofungwa shingoni kwa uzi. Daktari Cephas akashika kipaza sauti. Akatambulisha mgeni wa kwanza, wa pili, wa nane. Kisha akanyoosha mkono.

"Na sasa, fahari yetu. Mmemwona kwa bango. Alipofika kwetu miaka minne iliyopita, mheshimiwa mwenyekiti, hakujua hata neno moja la Kiswahili. Alikuwa na haya, anajificha. Kupitia Semina yetu ya Kuzoea Maisha ya Migori, leo hii anasomea kukifundisha! Fardowsa, simama utusalimie."

Kwa hema la wanafunzi kukapita mnong'ono. Huyo Fardowsa aliyeshinda mashindano ya kughani ya kaunti akiwa darasa la sita. Upande wa sufuria upawa ulisikika ukianguka.

Fardowsa akasimama, akapokea kipaza sauti. Alikuwa na sentensi mbili tayari, ameziandika kiganjani. Saa tano asubuhi. Saa tisa barua. Akatazama kiganja, jasho lilikuwa limezilamba. Akamtazama Gisiri, amesimama mwisho wa hema na viti vingine viwili mkononi, kwa sababu hakuna aliyemwambia apumzike.

"Amosou uduto," akasema. Nawasalimu nyote. Uwanja mzima ukajibu, na hapo ikawa haiwezekani kurudi nyuma.

"Mimi naitwa Fardowsa Noordin, nyar Oruba, binti wa hapa. Migori sikuja, nilizaliwa hapa. Kiswahili nilianzia chekechea hapo nyuma ya soko, na wa kwanza kunirekebisha ni yule mama wa upawa."

"Nilimbadilisha nepi huyu!" Mama Helen alipaza sauti, amechoka kunyamaza. "Ai yawa, Cephas! Semina gani? Huyu alimtukana mzee wa kanisa kwa Kidholuo akiwa na miaka mitatu! Nani alimfundisha? Si wewe!"

Kicheko kikapasuka. Daktari Cephas akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Fardowsa akakihamishia mkono wa pili.

"Hii bendera ni nzuri, ina wenyewe, na mimi si mmoja wao." Akailaza mezani taratibu, isije ikaanguka. "Lakini mgeni yuko, mheshimiwa. Ndiye huyo aliyekubebea kiti ulichokalia. Gisiri, njoo."

Gisiri akaja na viti vyake viwili. Hakujua aviweke wapi. Mwenyekiti akavua miwani.

"Wewe ni wa wapi, kijana?"

"Sirari, mama. Tanzania." Akatoa pasipoti mfukoni mwa shati, wiki nzima alilala nayo. Ilikuwa imepinda kwa umbo la kifua chake. "Kibali changu kinaisha leo. Ninahitaji barua moja tu. Daktari anasema mimi si mgeni."

"Mimi naye ni wa Isiolo," Mohammad akasema kutoka kiti cha nambari nane, akainuka.

"Wajir," akasema Mulki. "Na ugali nilijua kuumega. Nilisomea shule ya bweni."

Yule Mwacholi wa Sudan Kusini akainua mkono kwa adabu. "Mimi ni mgeni kweli. Sina shida na hilo. Lakini chumba changu kinavuja tangu Machi, na nilipouliza nikapewa fulana nyingine."

Mwenyekiti akaandika. Akaandika tena. Akamgeukia Daktari Cephas. "Hii kumi yako, Daktari, ni wangapi?"

Na hapa ndipo wewe ungetaka hadithi iishe. Mwenyekiti angepiga meza, barua zingegongwa muhuri, watu wangekula pilau. Sivyo ilivyokuwa. Mwenyekiti alifunga kalamu yake, akasema hili ni jambo la ndani la chuo, kamati itaandika ripoti kwa wakati wake, akapanda gari na wenzake wawili, na soda zao. Walipofika barabarani walipita chini ya bango. Labda waliangalia juu. Labda walikuwa kwenye simu, kama wewe.

Daktari Cephas akakimbia. Usifikiri ni lugha ya kuongezea chumvi: alikimbia, tai begani, akaingia ofisini, akafunga kwa ndani komeo mbili. Saa nane Fardowsa akabisha.

"Nani?"

"Nambari tisa."

Harufu ya manukato ikapenya chini ya mlango.

"Ulivunja makubaliano yetu," sauti ikasema. "Sentensi mbili, nilisema. Hakuna barua. Nenda na wewe ukauze godoro."

Gisiri akasema twende. Alikuwa amekwisha kuhesabu: mkoba mmoja, blanketi moja, saa moja na nusu hadi Sirari. Fardowsa alitazama viti vilivyokuwa uwanjani, mia moja na zaidi, ambavyo kesho vingerundikwa nje ya stoo iliyogeuzwa ofisi. Akaenda akachukua kimoja. Akakiweka mbele ya mlango, akakalia, mgongo kwa komeo.

"Nilete kingine?" Gisiri akauliza.

"Wewe leo hubebi. Keti."

Mohammad akabeba chake. Mulki chake. Mwacholi akaja na chake na mwavuli, kwa mazoea. Mama Helen akaleta sufuria nzima ya pilau akasema kantini imehamia hapa, anayetaka kula aje na kiti. Wakaja. Kufikia saa tisa ujia ulikuwa umejaa viti hadi ngazi za ghorofa ya pili, zile ndefu, na kijana mmoja wa kompyuta akapanda akarudi na faili tatu za pasipoti. Ilimchukua dakika nne.

Saa tisa na robo mzee mmoja akapenya katikati ya vijana, kofia mkononi, anaomba radhi kwa kila goti analogusa. Noordin. Duka lilikuwa limefungwa Ijumaa mchana, jambo ambalo Oruba iliona tu wakati wa sala. Hakusema habari ya kutabasamu. Alitoa ile kadi ya waridi, akainama, akaisukuma chini ya mlango wa Daktari Cephas.

"Isome," akasema. "Kisha unirudishie. Sina nyingine."

Ndani kiti kikasogea. Kadi haikurudi, lakini mlio wa droo inayofunguliwa wote waliusikia, na Fardowsa akashika mkono wa baba yake bila kugeuka.

Hapo ndipo ilipo. Sasa hivi ni saa tisa na nusu. Ofisi inafungwa saa kumi na moja, na saa kumi na moja kuna soja wa zamu aliyekwisha kuagizwa kuondoa viti. Kibali cha Gisiri kinaisha usiku huu. Kengele ya Rangwe italia Jumatatu saa mbili, na kuna msichana wa dawati la mbele ambaye daftari lake liko wazi. Muhuri uko droo ya juu, mkono wa kulia. Watu wako arobaini ujiani, na soja akiamua, arobaini ni wachache.

Kwa hiyo inuka. Mahindi yaweke chini. Wewe uliyekalia benchi la Noordin mvua ikinyesha, unajua njia: kabla ya daraja, pinda kushoto penye bango. Beba kiti.